Malalamiko: Marobota 690 mliyoyafunga mabichi, kisha mkayakataa wenyewe

Kwa Meneja Mkuu,

KUH: MAROBOTA YA NYASI YA MALISHO (BOMA RHODES) YALIYOKATALIWA

Masharti ya mkataba wa kufunga na kupokea nyasi yetu mnayajua kuliko sisi, maana mliyaandika nyinyi. Nitaanzia penye kidonda. Jumanne iliyopita, katika uwanja wenu wa mapokezi, mkaguzi wenu alikata uzi wa robota letu mbele ya wanunuzi, akachomoa konzi ya nyasi yenye ukungu mweupe, akaitupa miguuni pa msimamizi wetu wa ghala, akasema, "Hii ni takataka." Robota hilo lilifungwa na dereva wenu, kwa mashine yenu, kwa uzi wenu. Stakabadhi tunayo: ada ya kufunga, shilingi 60 kwa kila robota, tulilipa siku ile ile mliyofunga.

Turudi nyuma hadi mavuno: nyasi ilikatwa Jumatatu umande ulipokwisha, nusu yake ikiwa imetoa maua, kabla shina halijawa gumu kama ufito. Ikageuzwa kwa reki Jumanne, ikageuzwa tena Jumatano asubuhi. Saa nane mchana ilikuwa tayari: ukisokota shada mashina yanakatika kwa mlio, na ukikwaruza vifundo kwa ukucha hupati unyevu. Hiyo ndiyo saa mliyoahidi kufika. Mkafika Ijumaa saa kumi na moja jioni, baada ya mvua ya Alhamisi.

Dereva alionyeshwa kwa mkono. Mistari ya nyasi iliyokatwa ilikuwa imekauka juu tu. Chini, inapogusa udongo, nyasi ilipindika bila kukatika. Akaombwa kipima unyevu, akasema betri imeisha. Akaombwa aiache igeuzwe, ipigwe na jua la Jumamosi hadi saa saba, akajibu kwamba ana shamba jingine na mashine haingoji jua. Aliyewahi kufunga nyasi anajua kwamba robota dogo halitaki unyevu zaidi ya asilimia 18 hivi. Ukipita 20 linachemka ndani na kuota ukungu. Wala si lazima kipimo. Robota letu la kawaida ni kilo 15. Mengi ya jioni ile yalikuwa 21, mengine 22. Hizo kilo sita za ziada ni maji, Meneja, na mlitutoza ada kuyafunga.

Mkaguzi ameandika kwenye fomu, "uhifadhi mbaya". Hapana. Marobota yalikaa juu ya mbao, hayakugusa sakafu, yamepangwa kwa ubavu, yameachiwa njia za hewa kati ya safu na nafasi ya mita moja chini ya bati. Marobota mengine 390 ya upande wa mwinuko, ambako maji hayatuami, yalikaa ghala hilo hilo, wiki tatu zile zile, na mkayapokea bila neno. Au ghala letu huchagua la kuozesha?

Siku ya nne tulichomeka fimbo ya chuma katikati ya rundo la yale 690. Ilipotoka haikushikika, na harufu ilikuwa ya tumbaku. Rundo likifika hapo huweza kujiwasha lenyewe. Tukalibomoa usiku, tukawapigia simu. Mkajibu tuyaache yapoe, lori litakuja, ukaguzi utaamua bei. Lori lilikuwa lenu pia, nimesahau kusema.

Narudi kwenye Jumanne, kwa sababu imekataa kunitoka. Msimamizi wetu wa ghala ni mama ambaye angeweza kumzaa mkaguzi wenu. Alisimama na vumbi la ukungu kwenye leso, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwani haya yalifungwa na nani?" Mkaguzi akacheka na wanunuzi, akamwambia, "Okota, Mama, ukalishie ng'ombe wako." Ng'ombe mwenye mimba akila nyasi yenye ukungu anaweza kuitoa. Vumbi lake likimwingia mtu kifuani linamlaza. Mtu mliyemwajiri kukagua malisho hajui hilo, au anajua na akasema hivyo hivyo?

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai thamani ya marobota tu: 690 kwa shilingi 250, yaani 172,500. Sasa rudisheni na ada ya kufunga, 41,400, jumla 213,900. Fomu ile iandikwe upya, "uhifadhi mbaya" ifutwe, maana wanunuzi wengine huiuliza. Na mkaguzi aje mwenyewe ghalani amwombe radhi yule mama, mbele ya vibarua, si kwa simu.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nawapa 7. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hatuhitaji wakili kufika pale. Wenzetu wa ushirika wanaokata nyasi mwezi ujao wameshaiona stakabadhi yenu na fomu yenu zikiwa pamoja, na wawili wameshatafuta mashine kwingine.

Ile konzi ya nyasi mama aliiokota, kama alivyoambiwa. Ipo ofisini kwetu kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na kipande cha uzi wenu wa bluu, fundo la mashine yenu likiwa bado halijafunguka.

Wako,
Msimamizi wa Shamba