Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Fedha Nyingi Zimekwenda Kwenye Nauli

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye ndugu magerezani, salaam.

Mwaka jana nilisimama hapa nikaahidi mfuko wa wakili. Mwaka huu fedha zetu nyingi zimeishia kwenye nauli za kuwatembelea ndugu zetu gerezani. Najua wapo walionuna, na kamati imepokea maneno yao. Naomba nijieleze.

Wengi wetu tulijuana kwenye foleni ya wageni gereza la Segerea, Dar es Salaam, kila mmoja na kapu lake. Ndugu zetu walikuwa mahabusu, na mahabusu ana watu. Kesi ina tarehe. Hata upelelezi usipokamilika kwa mara ya kumi, unamwona akishuka kwenye karandinga, anakupungia mkono, unarudi nyumbani na cha kusimulia. Hukumu ikishasomwa, watu hupungua. Mwaka wa kwanza wanakwenda shangazi, marafiki, hata jirani. Wa pili wanabaki mama na dada. Wa tatu ndio mwaka mbaya, na hapo ndipo chama hiki kinatakiwa kuwepo.

Siwasemi wengine. Mdogo wangu alipohamishiwa gereza la Isanga, Dodoma, nilikaa miezi kumi na minne sijafika. Kila mwezi nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli: ada, msiba, mvua. Siku niliyofika hakunilaumu. Aliuliza kama mwembe wa nyuma ya nyumba bado unazaa. Nikamjibu unazaa sana. Mwembe ule ulishakatwa, tumejenga choo. Mpaka leo sijamwambia.

Tangu treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, safari imekuwa ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, na daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 31,000 kwenda. Zamani mtu alihesabu nauli ya basi, gesti na chakula cha siku mbili. Wenye ndugu gereza la Lilungu, Mtwara, hawana bahati hiyo, ndiyo maana kamati iliamua wao wapewe zaidi. Usawa wa kugawa kila mtu kiasi kilekile ungewaonea.

Jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu ni uhamisho. Wanachama wetu kadhaa waliambiwa getini, kapu mkononi, kwamba ndugu hayupo tena pale. Sitaji gereza. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana, na akihamishwa awe na haki ya kuijulisha familia mara moja. Katibu ameandaa barua ya heshima ya kuulizia, unajaza jina tu. Waliokwishaitumia wanasema lugha ya upole imefungua milango kuliko makelele ya getini, na mimi, niliyewahi kupiga makelele hayo, nakubali.

Kuhusu barua kwa ndugu zetu: kumbukeni inasomwa na afande kabla ya kukabidhiwa. Msiandike habari za kesi, wala msiandike salamu tupu. Andikeni nani kaoa, bei ya sembe, timu gani imefungwa. Mtu aliye ndani anataka kujua nyumba inaendeleaje bila yeye, ingawa inamuuma.

Sasa wakili. Mwanachama mwenzetu alimpa kishoka, mtu wa kati asiye wakili, laki sita ili "faili lisogee". Faili halikusogea, kishoka ndiye aliyesogea. Anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu hukumu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Aliye gerezani anaweza kuiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza. Hakuna kishoka humo. Tena tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; tuanzie huko kabla ya kuuza kiwanja.

Halafu watoto. Bibi mmoja hapa alimwambia mjukuu baba yuko Afrika Kusini. Mtoto akaelezwa ukweli na wenzake shuleni, kwa namna ambayo watoto hueleza. Kamati haimpangii mtu cha kumwambia mwanawe. Maoni yangu mimi ni kwamba mtoto aambiwe na wa kwao, mapema, kwa maneno machache.

Na asiahidiwe msamaha wa Rais. Kila Aprili 26 na Desemba 9 tunakaa na redio kama tunaosubiri mwezi wa Idi. Ule msamaha wa Desemba 9, 2017 uligusa wafungwa 8,157, lakini waliotoka ni 1,828. Wengine 6,329 walipunguziwa kifungo tu. Cha kuhesabia ni theluthi: mwenye tabia njema, ambaye kifungo chake si cha maisha, kwa kawaida husamehewa theluthi moja ya kifungo. Wa miaka tisa hukaa sita. Hesabuni kwa kalenda, na tarehe iulizwe gerezani, isikisiwe.

Mapungufu ni yangu. Daftari la ada lilikaa kwangu miezi miwili bila kujazwa, na kikao cha Agosti hakikufanyika kwa sababu mimi sikukiitisha. Mweka hazina atasoma hesabu sasa hivi, na hoja ya mfuko wa wakili irudi mezani baada yake. Nitapigiwa kura kama mtu yeyote.

Wakati anajiandaa, karatasi ya safari ya Dodoma inazunguka. Andikeni jina la ndugu kama lilivyo kwenye hukumu, si la mtaani. Safari iliyopita afande alipekua rejesta nusu saa akimtafuta "Chogo".