Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: mabanio ya Usangu yafungwe kiangazi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Mbarali, katika bonde la Usangu, kwa hiyo ombi langu linaanza kunigusa mimi mwenyewe. Naomba mabanio, yaani milango inayochepusha maji ya mto kutuletea mashambani, yafungwe tukishavuna, na yabaki yamefungwa hadi mvua zinyeshe.

Mto Ruaha Mkuu haukauki kwa sababu milima imeishiwa maji. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushusha maji kutoka nyanda za juu hata Septemba. Yakifika Usangu, tunayavuta kwenye mifereji. Mpunga umeshavunwa, lakini maji yanaendelea kuzagaa kwenye majaruba, yananywesha magugu, mengine yanakaushwa na jua. Kinachobaki ndicho kinachofika kinamasi cha Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea: N'giriama, kizingiti cha mwamba. Maji yakishuka chini ya mwamba ule, hata kwa shubiri moja, hakuna kinachokwenda mbele, hata kama kinamasi chenyewe bado kina maji.

Ndiyo maana tangu 1993 mto hukatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubanana kwenye madimbwi machache, wakigombea tope lililojaa mavi yao, samaki wakifa kwa kukosa hewa. Kiboko hawezi kukaa juani mchana kutwa, ngozi yake haikuumbwa hivyo, basi usiku hutembea mbali kutafuta majani na alfajiri hurudi dimbwi lilelile. Nyati naye lazima anywe kila siku, na simba wanajua atakunywa wapi. Tembo angalau ana mkonga: huchimba mchanga wa mto mpaka apate maji, wengine wakanywa baada yake.

Lawama zimeshagawiwa. Wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na 2008 eneo likaunganishwa na hifadhi, ikapita kilomita za mraba 20,000. Mto ukaendelea kukatika. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. Ng'ombe waliondolewa, mabanio yapo wazi.

Najua kwa nini kuyafunga ni kugumu. Vijiji vingi vinachota maji ya kunywa kwenye mfereji. Nikisema ufungwe, akina mama wa kijijini kwangu wataniuliza wachote wapi, na watakuwa na haki. Kwa hiyo visima vitangulie, kufuli lifuate. Ndoo za kijiji kizima hazihitaji mfereji mzima. Wenye bustani ndogo za mboga wapimiwe sehemu yao. Hao si wanaoumaliza mto.

Huko chini yapo mabwawa ya umeme yanayoyasubiri maji haya: Mtera yenye megawati 80, Kidatu yenye 204, kisha Bwawa la Julius Nyerere. Sidhani kama Wizara ya Nishati itapinga.

Jumuiya za watumia maji zinajua kila banio lilipo na nani analifungua. Anzeni na moja, hata letu, Julai ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mpunga, Mbarali