Gazeti lenu limenipimia runinga

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kununua runinga kubwa kwa fedha kidogo iliishia na ushauri mmoja: chukua kubwa kuliko zote ambayo mfuko wako unaimudu. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa imebandikwa ukutani kwangu. Sifanyi utani. Nilichukua karatasi sita za gazeti lenu, nikazifungua, nikaziunga kwa selotepu, nikakunja zilizozidi mpaka nikapata umbo la sentimita 144 kwa 81. Hicho ndicho kioo cha inchi 65. Kilikaa ukutani siku nne kabla sijatoa hata senti moja.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ishirini na sita sasa futi haijabanduka shingoni kwangu, ndiyo maana neno "inchi" katika tangazo la runinga huniwasha. Inchi za kiuno ni za kiuno, za mkono ni za mkono. Za runinga zinapimwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, na mnunuzi hana habari. Anasikia 55 na 65, anaona ni inchi kumi tu, sawa na kuongeza pindo. Kumbe eneo la kioo cha 65 linazidi la 55 kwa karibu asilimia 40. Upana wa ile ya 55 ni sentimita 122 hivi. Ya 75 inafika 166. Katika matangazo yote yaliyozunguka makala yenu, hakuna hata moja lililotaja upana.

Basi karatasi zikakaa. Siku ya kwanza tukaona zinafunika swichi ya taa. Siku ya pili mume wangu akapima meza tuliyoizoea, akapata sentimita 110. Runinga nyingi kubwa za siku hizi hazisimami kwa mguu mmoja wa katikati. Zina miguu miwili, mmoja huku na mwingine kule, karibu na ncha. Tungekwenda dukani bila kupima, tungerudi na kitu kipya ambacho mguu wake mmoja unakanyaga hewa. Hapo tukakata shauri la kuitundika, na bei ya chuma cha ukutani ikaingia kwenye hesabu mapema, si baada ya mkoba kukauka.

Siku ya tatu nikapima kutoka kwenye kochi hadi ukutani: mita 2 na sentimita 60. Kuna kanuni ya watu wa sinema kwamba kioo kijaze pembe ya nyuzi 30 mbele ya macho ya mtazamaji, na ukiikokotoa unapata umbali wa karibu mara 1.6 ya ule mshazari. Kwa inchi 65 ni mita 2.7 hivi. Wapo wanaopenda nyuzi 40, yaani kusogea zaidi, na kwa watu hao hata ya 75 ingetosha kwangu. Lakini mimi naijua nyumba yangu. Sisi ni watu wa taarifa ya habari na mpira kupitia king'amuzi, na picha hiyo mara nyingi haiji na zile nukta milioni 8.3 zinazounda picha kali ya 4K. Inakuja pungufu, runinga inaijaza kwa kukisia. Ni kama kitambaa chenye nyuzi zilizolegea: ukikiangalia kwa mbali kinapendeza, ukikivuta kinaonyesha mwanga. Kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo unavyokivuta.

Sasa nije kwenye duka, maana hapo ndipo ushauri wenu ungenipoteza. Kwa kiasi nilichokuwa nacho, fedha ya miezi saba ya kazi za usiku, niliwekewa runinga tatu mbele yangu: ya 75 ya daraja la chini kabisa, ya 65 ya kati, na ya 55 nzuri hasa. Bei zao zilikaribiana mno. Ningewafuata ninyi ningebeba ya 75 bila kuuliza kitu.

Zote tatu zilikuwa zimewashwa kwa mtindo wa dukani, ule wa mwanga mkali na rangi za kupiga kelele, chini ya taa zinazoweza kuanika nguo. Namna hiyo huwezi kujua lolote. Nikaomba rimoti. Kijana akasema imepotea. Nikamwambia nina muda, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikatoa kofia niliyokuwa naidarizi. Rimoti ikapatikana. Nikaenda kwenye mipangilio ya picha nikaweka mtindo wa sinema kwa zote tatu, naye ananiambia, "Mama, unaziharibu, sasa zimekuwa za njano." Hazikuwa za njano. Ngozi za watu zilirudi kuwa ngozi za watu.

Kisha nikatafuta picha ya usiku. Hapa niombe radhi kwa kuongea kifundi, lakini mtu aliyeshona suti nyeusi anajua kwamba nyeusi si rangi moja. Kwenye ile ya 75, anga la usiku lilikuwa kijivu kama kaniki iliyofuliwa mara nyingi, na kona mbili zilikuwa na weupe unaovuja. Sababu yake si siri. Kioo cha LCD, kilichokuwa kwenye zote tatu, hakijiwakii chenyewe. Kuna taa za LED nyuma au pembezoni, na kwenye runinga za bei ya chini taa hizo haziwezi kupunguzwa sehemu sehemu. Nyota moja ikitaka kung'aa, anga zima linamulikwa nayo. Ile ya 55 ilikuwa na taa zilizogawanywa kwa mafungu, fungu la gizani linafifishwa, la mwangani linabaki. Ya 65 haikuwa na mafungu, ila kioo chake kilikuwa cha aina ya VA, ambacho huzuia mwanga vizuri zaidi kuliko cha aina nyingine, IPS. Weusi wake ulikubalika.

Nilipouliza kuhusu OLED, kijana akanionyesha kibandiko cha QLED akasema ni hiyo hiyo, tofauti ni herufi tu. Tofauti ni mkia wa herufi Q, na ule mkia ni mrefu. Katika OLED kila nukta inajiwakia na kujizima yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi kweli. QLED ni LCD ile ile yenye taa nyuma, iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo za kukoleza rangi. Si kitu kibaya. Kibaya ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine. Ya OLED kwa fedha yangu isingepatikana hata kwa ndoto, sikuiwekea kinyongo.

VA nayo ina tabia ya mahameli: ukiitazama uso kwa uso imekolea, ukienda pembeni inapauka. Nilisogea kando hatua tatu nikaiona inafifia. IPS ingevumilia upande, lakini usiku ingerudi kwenye kaniki. Hili lilinipa kazi, kwa sababu mama mkwe wangu kiti chake kiko pembeni kabisa, karibu na dirisha, na hakuna aliyewahi kuthubutu kukigusa. Nikarudi nyumbani bila kununua. Jioni nikapiga magoti mbele yake nikamweleza, "Mama, tukikuhamishia katikati, tutapata picha nzuri bila kuongeza hela." Akacheka. Akasema, "Mwanangu, mimi naisikiliza tu hiyo runinga, macho yangu yamebaki ya kuonea njia. Wewe hakikisha inasema, siyo inanong'ona."

Mhariri, katika makala nzima mmeandika sentensi moja tu juu ya sauti. Runinga zimekuwa nyembamba hadi spika hazina pa kukaa. Zimegeuzwa chini au nyuma, zinaongea na ukuta. Maneno ya mama mkwe ndiyo yaliyonipeleka kwenye ya 65 na si kwenye ya 55, ambayo mpaka hapo ndiyo niliyokuwa naielekea kwa ule weusi wake. Ya 65 ilikuwa na bei ndogo kidogo kuliko wenzake, na kile kilichobaki kilitosha spika ndefu ya kawaida ya kuweka chini ya kioo. Inaunganishwa kwa waya mmoja kwenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC, na rimoti ile ile inaongeza na kupunguza sauti. Sasa bibi, akiwa kwenye kiti chake kile kile, anamsikia msomaji wa habari kana kwamba yuko katikati ya sebule.

Mengine nitayapita haraka. Namba 120 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi langu haikuwa Hz, yaani mara ambazo kioo hubadili picha kwa sekunde. Ilikuwa jina la biashara la ule ujanja wa kulainisha mwendo, na kioo chenyewe ni cha Hz 60. Ulizeni kwa neno hilo hilo, Hz. Ujanja huo nimeuzima, kwa kuwa unatengeneza picha za katikati ambazo hazikupigwa na kamera, na filamu ya picha 24 kwa sekunde inageuka kuwa kama igizo la kurekodiwa sebuleni. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walijirekodi wakiwasihi watu wauzime, kwa hiyo sio mimi peke yangu mwenye kisirani. HDR, ile picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ikiandikwa kwenye boksi maana yake runinga inaipokea; kuionyesha kunataka mwanga mkali ambao runinga za bei yangu hazina. Nami sikulipia programu za ndani, kwani huzeeka kabla ya kioo, na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kinaziba pengo hilo.

Shemeji yangu alitaka kutuletea moja kutoka Marekani. Tukamshukuru, tukakataa: zilizotengenezwa kwa soko la kule hupokea matangazo ya hewani ya mfumo wa ATSC, na sisi tunatumia DVB-T2.

Na kabla ya kulipa niliomba kioo kijazwe rangi moja ya kijivu, nikakikagua kama ninavyokagua jora la kitambaa chini ya dirisha, kutafuta madoa na nukta zilizokufa. Ya kwanza waliyonifungulia ilikuwa na doa refu upande wa kulia. Wakafungua ya pili. Njiani tuliisafirisha ikiwa imesimama, nimeishika mwenyewe, baada ya kuona ya jirani ililazwa chali garini ikafika na ufa.

Ombi langu halihusu makala peke yake, linahusu kurasa zenu za matangazo. Duka likileta tangazo la runinga, liambieni liandike upana kwa sentimita, aina ya kioo, na Hz za kweli. Ni mstari mmoja mfupi, nafasi yake mnaweza kuipata kwa kupunguza zile nyota nyekundu.

Karatasi zenu tulizibandua asubuhi runinga ilipotundikwa. Moja, ile ya ukurasa wa michezo, ilitoka na rangi ya ukuta, kipande cha kama kiganja. Kiko nyuma ya kioo, na mume wangu bado hajajua.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani