Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: tope la Msimbazi liachwe wazi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima naleta kwako ombi linalohusu mlango wa Mto Msimbazi, pale unapoingia baharini kwenye Daraja la Selander, ambapo kila maji yakipwa hubaki uwanda mpana wa tope ambao wengi wetu tunaopita kwa gari huuona kuwa ni uchafu tu unaosubiri kufanyiwa jambo.

Majira haya ya kaskazi, wakati Siberia imefunikwa na theluji, tope hilo hupokea ndege wageni. Wamo chamchanga wenye uzito wa takribani gramu 60, waliotaga mayai kwenye nyanda za baridi za huko kisha wakaruka mpaka kwetu kutafuta minyoo. Wamo pia sululu, wenye mdomo mrefu uliopinda chini, ambao ukitulia kando ya daraja utawaona wakimchomoa kaa shimoni, wakimtikisa hadi miguu idondoke, wakimsuuza majini, ndipo wammeze. Ifikapo Aprili baadhi ya chamchanga huwa wamekwisha kuvua kijivu na kuvaa manyoya mekundu kama kutu, tayari kwa safari ya kurudi.

Mheshimiwa, sipingi ujenzi. Tulioyaona mafuriko ya Desemba 2011 hatuwezi kuupinga Mradi wa Kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaolenga kupunguza mafuriko hayo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Hofu yangu inatokana na jambo ambalo kila mtu hulisifu, nalo ni upandaji wa mikoko. Mikoko ina mahali pake, na ilikokatwa inastahili kurudishwa. Lakini miche ikipandwa kwenye tope la chini, ambalo bahari hulifunika kwa saa nyingi kila siku, mingi hufa. Na ile inayoshika hulifunga tope, ikawanyima ndege chakula pamoja na uwazi wanaouhitaji ili wamwone adui kabla hajawafikia. (Picha za viongozi walioshika miche hupendeza, nami sibishi, tope tupu halina mvuto huo.)

Naomba basi uagize kwamba upandaji uelekezwe kule tu mikoko ilikokuwapo zamani, kwa ushauri wa Wakala wa Huduma za Misitu, na kwamba tope la wazi lioneshwe kwenye ramani za mradi kuwa ni eneo lisilopandwa wala kufukiwa. Paachwe pia mahali pakavu, mbali na watu na mbwa, kwa kuwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku za kawaida, tope lote huzama na ndege hukosa pa kusimama. Wakifukuzwafukuzwa saa hizo, huteketeza mafuta waliyoyatunza kwa ajili ya safari.

La mwisho ni hesabu. Januari ndio mwezi wa sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, na nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, tangu mwaka 2000. Ndege wa Msimbazi wahesabiwe kabla kazi yoyote haijafanyika mlangoni mwa mto, kisha kila mwaka. Wanafunzi wachache wa chuo kikuu wenye darubini, wakisimamiwa na mwalimu wao, wanaweza kuifanya kazi hiyo katika kupwa kwa maji kumoja, na matokeo yabandikwe ofisini kwako ambako mwananchi yeyote atayasoma.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Upanga