Kabla Hujaisoma Hotuba Hiyo kwa Vijana

Ndugu yangu Mwinyi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wazee wote. Huku hatujambo. Bi Zena amesharudi salama, kwa hiyo wasiwasi huo uondoe. Rasimu ya hotuba yako nimeipata kwa Hamisi, na nakujibu mbio mbio kwa sababu Jumamosi si mbali. Kuna mstari mmoja nakuomba sana usiusome mbele ya vijana wanaotafuta viti vya wadi: ule unaosema Obama "alipita kidogo" katika bunge la jimbo, kisha akaenda Washington. Hakupita kidogo. Alikaa Seneti ya Illinois tangu Januari 1997 mpaka Novemba 2004, na kwa kijana anayeanzia chini miaka hiyo ina mafunzo kuliko yote ya Ikulu.

Anza na sahihi. Kiti cha eneo la 13, kusini mwa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 aliamua kuwania Bunge la taifa, akamuunga mkono Obama amrithi. Novemba akashindwa na Jesse Jackson Jr., akataka kurudi kitini kwake. Obama hakumpisha. Jina la mgombea haliingii kwenye mchujo wa chama bila sahihi za wapiga kura wa eneo, na mwaka ule zilitakiwa 757. Palmer alikusanya haraka haraka zaidi ya 1,500. Ukisikia hivyo unadhani amevuka salama. Watu wa Obama wakaketi na daftari la wapiga kura, wakakagua jina baada ya jina, na halali zilizobaki hazikutosha. Wapinzani wengine watatu walianguka vivyo hivyo: Gha-is Askia alipeleka 1,899, akapungukiwa na 69. Mchujo wa Machi 1996 Obama akabaki peke yake kwenye karatasi ya kura.

Waeleze vijana sahihi hufaje, maana hapo ndipo wengi huumia. Aliyesaini hajajiandikisha. Au amejiandikisha, lakini anwani aliyoandika siyo iliyo daftarini. Au anaishi upande wa pili wa barabara, ambao ni eneo jingine. Au ameandika jina kwa herufi kubwa wakati sahihi yake ya daftarini ni ya mwandiko. Au baba mmoja amewasainia watu wa nyumba nzima. Mkusanyaji naye akiwa hastahili, karatasi yake yote hutupwa. Zaidi ya hayo, daftari la Chicago lilikuwa limetoka kusafishwa, na majina zaidi ya 15,000 yalifutwa katika eneo hilo moja. Aliyekusanya bila kulitazama daftari jipya alijaza hewa. Pingamizi nazo huwasilishwa ndani ya siku tano za kazi, basi ukishapingwa huna muda wa kurudi mitaani. Ndiyo maana Obama mwenyewe alipeleka zaidi ya 3,000.

Hapa kwetu Kenya, Katiba inamtaka mgombea huru wa wadi awe na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo wanaomuunga mkono, na wa ubunge 1,000. Mwambie yule kijana wa Mzee Kombo asisimame kwenye 520. Akusanye maradufu, na kila jioni karatasi za siku hiyo zilinganishwe na daftari kabla wakusanyaji hawajalala.

Nikirudi Springfield, makao makuu ya Illinois: Seneti ile ina viti 59, na mswada haupiti bila kura 30 za ndiyo. Mpaka mwisho wa 2002 wengi walikuwa wa chama cha Republican, na miswada ya upande wa Obama, wa Democratic, ilizikwa kwenye Kamati ya Kanuni bila hata kujadiliwa. Kilichomfaa ni kufanya kazi na wa upande wa pili, kama ilivyokuwa kwa sheria ya 1998 ya kuwazuia wanasiasa kupokea zawadi. Kule pia kuna kura ya tatu, ya "nipo". Kwa kuwa zinahesabiwa za ndiyo tu, "nipo" huuangusha mswada sawa na hapana. Obama aliitumia zaidi ya mara 100, na baadaye wapinzani wake walimsulubu kwayo. Kijana ajue rekodi ya kura haifutiki.

Mwaka 2000 aliwania kiti cha Bobby Rush katika Bunge la taifa, akashindwa karibu kura mbili kwa moja. Kwa nini hakupotea kabisa? Muhula wake wa seneta wa jimbo ulikuwa unaendelea mpaka Januari 2003, kwa hiyo alirudi kitini kama kawaida. Kwetu viti vyote huamuliwa siku moja. Diwani akiukimbilia ubunge akashindwa, anarudi nyumbani. Hili liseme kwa sauti.

Halafu mipaka. Mwaka 2001 tume ya kuchora maeneo ya uchaguzi, wanne wa kila chama, ilikwama, na sheria ya Illinois inataka mjumbe wa tisa apatikane kwa kura ya bahati. Jina likachomolewa kwenye kofia, nalo likawa la Democratic. Eneo la 13 likachorwa upya kuelekea kaskazini kando ya ziwa, likaingiza wakazi wenye pesa. Chama cha Obama kikashika Seneti, Emil Jones akawa rais wake, na Obama akapewa miswada mizito. Wenzake walioibeba kwa miaka walinung'unika, na nawaelewa. Lakini ule wa 2003 wa kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji ulikuwa wa jasho lake: aliketi na polisi na waendesha mashtaka waliokuwa wakiupinga mpaka Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya hapana. Polisi wakapewa miaka miwili kujiandaa.

Usilifiche lile la Palmer, nakusihi. Sheria ilimruhusu Obama, lakini mama yule ndiye aliyemfungulia mlango, na vijana wana haki ya kulipima wenyewe.

Sasa nijibu: umepewa dakika ngapi? Kijana wa Mzee Kombo ameshajitoa chamani, au bado anavuta miguu? Daftari la wadi mmelipata, na ni la lini? Nani atawafunza wakusanyaji, wewe au Mwalimu Rehema? Na ile fomu ya mfano niliyomwachia Hamisi, imekufikia?

Ndugu yako,
Sefu