Barua kwa Mwanangu Kabla Hujafika Minnesota

Brooklyn Park, Minnesota
Jumamosi, 9 Machi 2024

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe na bibi yako mkiwa wazima, na mkiwa mmeuanza mfungo kwa heri. Sisi huku hatujambo. Mdogo wako ameng'oka jino la mbele juzi na amesisitiza kwamba lazima nikuandikie habari hiyo. Usiku wa leo saa zinasogezwa mbele, kwa hiyo kuanzia kesho tutapishana kwa saa 8 badala ya 9, nawe ukinipigia baada ya swala ya alasiri utanikuta ndio kwanza ninaingia nyumbani kutoka zamu ya usiku.

Wiki iliyopita uliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu simu yetu huisha kabla salamu hazijaisha. Uliniambia kwamba mama yako mdogo amekueleza kuwa Minnesota haifai, kwamba watu wengi wa kwetu wanahamia Texas kama alivyohama yeye mwaka 2019, ukaniuliza kwa nini mimi nimeng'ang'ania hapa miaka 10. Sasa makaratasi yako yamekamilika na utasafiri baada ya mtihani wa kidato cha sita, nami sitaki ufike hapa ukiwa na habari za upande mmoja, ziwe za kusifu au za kukashifu. Mimi nilikuja hivyo, nikiwa nimeambiwa habari za mishahara tu, na nilijuta kwamba hakuna aliyenikalisha chini akaniambia mengine.

Nianze na baridi, maana ndiyo inayotajwa kwanza na kila anayeondoka. Nilitua hapa Januari 2014, siku mbili kabla ya Jumatatu ile ya tarehe 6 ambayo Gavana Mark Dayton aliamuru shule zote za umma za jimbo zifungwe kwa sababu ya baridi. Asubuhi hiyo kipimo kilikuwa karibu nyuzi 30 chini ya sifuri kwa vipimo vya Selsiasi, na hapo upepo haujahesabiwa. Nilitoka nje na lile koti la mitumba tulilonunua Tanga, tukadhani ni zito, nikashika kitasa cha gari kwa mkono mtupu na ngozi ikataka kubaki kwenye chuma. Machozi yaliyonitoka yalianza kugandia kwenye kope. Mwenyeji wangu alinirudisha ndani, akanivisha nguo tabaka tatu, soksi mbili, buti na kofia ya kufunika masikio, kisha akanitoa tena, na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba nilisimama pale nje robo saa nzima bila kutetemeka. Siku ile nilijua kwamba baridi ya hapa ni suala la mavazi na kujua unachokifanya. Inaua, sikufichi, na haina mzaha na mtu mzembe, lakini anayeiheshimu anaishi nayo.

Walichosahau kuniambia ni giza. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, na mtu wa zamu ya usiku kama mimi anaweza kukaa wiki nzima bila kuliona, kwa sababu linapowaka yeye amelala. Mwaka wa pili nilikuwa nalia bila sababu, sina hamu ya chakula, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikadhani nimerogwa au nimepata ugonjwa mkubwa. Muuguzi mmoja mzee ninayefanya naye kazi ndiye aliyeniambia kwamba hata wao waliozaliwa hapa hupatwa na hali hiyo, akanishauri nimwone daktari, ninunue taa maalumu ya mwanga mkali wa kukaa mbele yake asubuhi, na nisikae ndani siku ya mapumziko hata kama theluji inaanguka. Ikikukuta hali hiyo, usinifiche kwa kuona aibu. Niambie siku hiyohiyo.

Jambo jingine ni upweke, na hapa ndipo naona mama yako mdogo ana haki. Watu wa jimbo hili wana adabu sana. Gari likikwama kwenye theluji atatokea mtu usiyemjua mwenye beleshi, atakuchimbua, atakusukuma, na ataondoka kabla hujamaliza kushukuru. Lakini adabu hiyo ina mpaka, na wenyewe wanausema kwa utani wao: mtu wa Minnesota atakuelekeza njia ya kwenda popote isipokuwa nyumbani kwake. Nimefanya kazi miaka 6 na mama mmoja ambaye tunacheka pamoja, tunabadilishana zamu, tunajuliana habari za watoto, na sijawahi kukanyaga mlangoni kwake. Kwetu Ngamiani jirani anaingia kuomba chumvi na kutoka baada ya saa mbili. Hapa ukibisha hodi bila miadi watu hudhani kuna msiba. Nimejifunza kutochukulia kuwa ni chuki. Waliozaliwa hapa wana marafiki waliosoma nao tangu utotoni na hawaoni haja ya wengine, na hata Mmarekani anayehamia kutoka jimbo jingine hulalamika vilevile.

Kuna lililo zito zaidi ya hilo, na nisingekuwa mama mkweli nikiliruka. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd, Mmarekani Mweusi, aliuawa na polisi kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago, mjini Minneapolis, si mbali sana na tunapoishi. Usiku uliofuata na ule wa baada yake nilikuwa kazini, harufu ya moshi wa majengo yaliyochomwa kwa hasira ya kifo kile ikiingia mpaka kwenye nguo, na wazee niliokuwa nawalisha wakiniuliza kama watoto wangu wako salama. Jimbo hili lina shule nzuri, hospitali nzuri na mishahara ya kuridhisha, lakini ni miongoni mwa yale yenye pengo kubwa kabisa kati ya Weusi na Weupe, hasa katika kumiliki nyumba. Ukija utayaona mazuri ya hapa kwa macho, lakini hutaona upesi kwamba hayagawanywi sawa. Mdogo wako ana miaka 6 na tayari baba yenu ameshaanza kumfundisha namna ya kuweka mikono panapokuwa na polisi. Hilo silizoei, na siombi nilizoee.

Kodi ndiyo hoja kubwa ya wanaohamia Texas, nayo ni ya kweli. Kule hakuna kodi ya mapato ya jimbo, wakati hapa jimbo linakata kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85 kulingana na kipato, juu ya ile ya serikali kuu. Ila nami nimetazama ninachopata. Mdogo wako hupata kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bure, kwa sheria iliyopitishwa mwaka jana kwa watoto wote bila kuuliza mzazi ana nini. Kuanzia muhula wa vuli mwaka huu, familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka inaweza kulipiwa ada katika vyuo vya umma vya jimbo, ikitimiza masharti ya ukaazi, na hilo, mwanangu, nililisoma mara tatu nikikufikiria wewe na uuguzi unaoutaka. Nguo hazitozwi kodi ya mauzo, wala vyakula vingi vya dukani. Maktaba ya karibu nasi iliniazima vitabu vyote nilivyosomea mtihani wa udereva na baadaye wa uraia, na hakuna aliyeniomba hata senti. Mtu mwenye kipato kikubwa asiye na mtoto akisema jimbo hili linamkamua, namwelewa. Mimi mlezi wa wazee mwenye watoto, hesabu yangu inatoka tofauti.

Barabara ni mbaya, usidanganywe na picha. Barafu huingia kwenye nyufa na kupasua lami, na mwezi huu wa Machi mashimo huibuka kama uyoga. Chumvi wanayomwaga ili magari yasiteleze hula vyuma mpaka gari la miaka 8 linaonekana la miaka 20. Theluji ikizidi, mji hutangaza siku za kuondoa magari upande mmoja wa barabara ili isafishwe. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo, gari likavutwa, nikalipa faini iliyokuwa sawa na pesa niliyotaka kuwatumia ya Idi. Na kiangazi kina mbu, tena wakubwa, ingawa hawaleti malaria.

Sasa nikwambie kilichonishika.

Mimi ni mtoto wa mvuvi, na nilipoondoka Tanga nililolililia baada yenu ninyi lilikuwa bahari. Nilidhani ninakwenda katikati ya bara, mahali pakavu. Kumbe namba za magari za hapa zimeandikwa maziwa 10,000, na ukiyahesabu yale yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi unapata 11,842. Hata jina la jimbo limetokana na lugha ya Wadakota, wenyeji wa ardhi hii tangu kale, nalo linahusu maji yenye rangi ya mbingu. Siku moja ya Januari, mwaka wa pili uleule wa giza, yule muuguzi alinipeleka kwenye ziwa lililoganda. Nilikataa kushuka. Alinieleza kwamba wataalamu wa jimbo hushauri unene wa barafu usipungue inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, tena husisitiza kwamba hakuna barafu isiyo na hatari kabisa, na kwamba pale siku hiyo ilikuwa zaidi ya futi moja. Nikasoma Ayatul Kursii, nikaweka mguu.

Tulikwenda mpaka katikati. Kulikuwa na vibanda vidogo vya mbao, kila kimoja na bomba la moshi, na nje ya kimoja ameketi mzee juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele yake tundu la upana wa sahani, mshipi umezama ndani. Alikuwa akiushika kwa vidole viwili na kuupandisha na kuushusha kidogokidogo, vilevile kabisa kama babu yako alivyokuwa akifanya juu ya ngalawa. Nilichuchumaa kumtazama. Akavuta samaki wa macho makubwa meupe, wanamwita walleye, akamlaza kwenye theluji, na kabla hajamaliza kutia chambo kingine samaki alikuwa amekakamaa kama gongo. Kisha barafu ikatoa sauti chini yetu, mvumo mrefu kama ngoma kubwa inayopigwa kijiji cha pili, nami nikaruka. Mzee akanionyesha kwa mkono nikae, akaniambia ni ziwa linatanuka tu, likinyamaza ndipo yeye huwa na wasiwasi. Nilikaa pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Nilirudi nyumbani nikapika na kula sahani mbili.

Tangu siku hiyo maji ndiyo dawa yangu. Juni jua huzama saa tatu usiku, na mji mzima huwa ziwani, Wasomali na kashata zao, Wakenya na nyama choma, Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na wavu wao wa mpira, wazungu na mbwa wao, na hakuna kiingilio. Kweli mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni na tulifunga zaidi ya saa 17, lakini futari tulikula kwenye nyasi kando ya maji kukiwa na mwanga bado. Siku hizi Minneapolis inaruhusu adhana isikike hadharani kwa swala zote tano, tangu Aprili mwaka jana. Mara ya kwanza kuisikia alfajiri nikitoka kazini nilisimamisha gari pembeni. Kule kaskazini, katika ziwa Itasca, mto Mississippi unaanza ukiwa mdogo kiasi kwamba mdogo wako aliuvuka kwa kurukia mawe, akadai ameushinda.

Majira haya ya baridi yamekuwa ya ajabu. Krismasi ilinyesha mvua, maziwa mengi hayakuganda vya kutosha, vibanda vikabaki nchi kavu, na nimewasikia watu walewale wanaolaani theluji kila mwaka wakizungumza kwa huzuni, kana kwamba kuna mtu wa nyumbani hakurudi. Nami nimejikuta miongoni mwao, nikilitazama ziwa lile mwezi wa Januari likiwa maji matupu, nikimfikiria yule mzee na ndoo yake.

Kwa hiyo njoo, mwanangu, uishi nasi angalau mwaka mzima, kiangazi na kipupwe, kisha ukitaka kumfuata mama yako mdogo nitakukatia tikiti kwa mkono wangu. Koti usinunue huko. Nimekwisha kulinunua la kwako wiki hii, maana Machi ndipo bei hushuka, nimelikadiria kwa picha yako ya Idi iliyopita, limening'inia kabatini karibu na langu. Buti ndizo zimenishinda. Nilisimama dukani nikatambua kwamba mguu wako ninaoujua ni wa mtoto wa miaka 8. Simama juu ya karatasi, mwambie bibi akuchore nyayo zote mbili kwa kalamu, kisha unitumie.

Mama yako akupendaye