Usiniambie ni uzee

Mwanangu,

Sisi tupo, wazima ila sio sana. Nimeona nikuandikie kabisa maana kwenye simu kila nikianza habari za baba yenu unaniambia mama huo ni uzee tu, na mdogo wako hivyohivyo. Mimi hilo silikubali. Nimeuguza watu wodini mpaka nimestaafu, mzee aliyechoka namjua na mzee anayeumwa namjua.

Baba yenu anaamka saa tisa usiku anakaa kwenye kochi gizani mpaka kunakucha. Chakula anaonja anaacha. Yanga ikicheza hata redio hawashi, na wewe unamjua alivyo na Yanga. Ukimuuliza anakwambia mgongo unauma, kichwa kizito, tumbo limejaa gesi, hawezi kusema nina huzuni maana wanaume wa rika lake hawakulelewa hivyo, basi mwili ndio unasema. Malaria tumepima, presha, sukari, hamna kitu.

Mambo yamemjia kwa mpigo. Amestaafu 2023 na hesabu zake zote alizipiga kwa ile nusu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo, waliyopata walimu wenzake wa zamani, kumbe kikokotoo cha 2022, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, kimeshaifanya asilimia 33, nyumba ya kupangisha ikaishia kwenye linta. Mwaka 2024 wakapandisha mpaka 40, sawa, ila yeye usingizi ulishapotea. Halafu mtu ameitwa mwalimu maisha yake yote, ghafla asubuhi hana pa kwenda. Misiba ndio usiseme, wale aliosoma nao chuo wanaisha mmojammoja na kila akirudi kuzika anakaa kimya siku nzima. Masikio nayo yamekuwa mazito, kwenye kikao cha jumuiya alikuwa anaitikia tu asichokisikia, sasa haendi kabisa.

Na hili usinikasirikie. Siku ile mlivyobishana hati ya shamba atashika nani, alikuwa amekaa palepale, na kwa zile sauti zenu alisikia yote. Mtu yuko hai mnamgawana! Toka siku hiyo shambani hajakanyaga.

Shangazi yako anasema karogwa, anataka twende kwa mganga. Hapana. Hii ni sonona, ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa, na unatibika hata uzeeni. Shirika la Afya Duniani wanasema karibu asilimia 14 ya watu wa miaka 70 kwenda juu wana tatizo la afya ya akili, na wengi hawatibiwi. Watoto wao nao wanasema kama mnavyosema nyie. Hata kusahausahau kwake sio lazima iwe akili inaisha, huzuni nayo inasahaulisha, ndio maana nataka daktari amuone atofautishe.

Sasa njoo wewe mwenyewe, usitume hela. Mimi ananiona namsumbua ila wewe anakusikiliza. Usimdanganye, mwambie wazi tunaenda hospitali ya mkoa kitengo cha afya ya akili, na masikio wayaangalie hukohuko. Akipewa dawa zinachukua wiki kadhaa mpaka zianze kusaidia, kwa hiyo msije mkampigia siku ya tatu mnamwambia aache. Na hati ya shamba isitajwe tena mbele yake. Nimeongea na mwenye basi la asubuhi, ukifika stendi ya Msamvu nipigie nije nikupokee.

Mama yako